Kilo tisa zimebaki nne: je, mwili wangu umegoma?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, urefu sentimita 176. Nilipiga chuma miaka minne bila dawa yoyote nikafika kilo 78, mafuta kama asilimia 15. Mwaka jana nilijidunga testosteroni enanthati, miligramu 500 kwa wiki, wiki 16. Nikafika kilo 87, mashati yote yakanibana, watu wakaanza kuniuliza siri. Sasa ni miezi mitano tangu niache na nimebaki na kilo 82, mafuta asilimia 16. Nikijilinganisha na watunisha misuli ninaowafuatilia mtandaoni, bado naonekana mtu wa kawaida tu. Kocha anasema mwili wangu ni mgumu, nipandishe dozi hadi gramu moja kwa wiki na niongeze trenboloni. Je, mwili wangu haupokei dawa? Nikiendelea, nitarajie nini hasa? Pia usingizi umeharibika kidogo na hamu kwa mke wangu imepungua, ila nadhani ni uchovu wa kazi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na ahsante kwa kuandika kwa tarakimu. Wengi huniambia tu kwamba "nilipiga saiko moja sikuona kitu", yaani kipindi kimoja cha kudungwa dawa, nami nabaki kukisia. Wewe umetaja uzito, urefu, dawa, dozi na wiki, kwa hiyo naweza kuzungumzia mwili wako wewe.

Mwili wako uliipokea dawa vizuri kabisa. Kasoro iko kwenye kile ulichoahidiwa. Nitaanza na hesabu, halafu nitarudi kwenye ile sentensi ya mwisho kuhusu usingizi na mkeo, uliyoiandika kana kwamba haina uzito. Kwangu mimi hiyo ndiyo nzito kuliko zote.

Mwaka 1996 daktari Shalender Bhasin na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo kila anayefikiria kutumia steroidi, yaani dawa za kujenga misuli za jamii ya testosteroni, homoni ya kiume, angepaswa kulijua. Walichukua wanaume 43 waliokuwa na uzoefu wa kunyanyua vyuma, wakawagawa makundi manne na kuwafuatilia kwa wiki 10. Baadhi walidungwa testosteroni enanthati, dawa ile ile uliyotumia, miligramu 600 kwa wiki. Wengine walidungwa sindano isiyo na dawa. Baadhi walifanya mazoezi ya uzito kwa ratiba maalumu, wengine wakaambiwa wasinyanyue kitu. Chakula kilidhibitiwa. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza uzito usio wa mafuta kwa wastani wa kilo 1.9. Waliodungwa dawa bila mazoezi waliongeza kilo 3.2. Waliopata vyote viwili waliongeza kilo 6.1.

Kwa hiyo dawa inafanya kazi, na anayekwambia haifanyi anakudanganya. Mtu anayekaa tu huku anadungwa alimpita anayetoka jasho bila dawa. Hilo linauma kulisikia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sasa itazame ile namba ya juu kabisa: kilo sita, kwa dozi kubwa kuliko yako, chini ya uangalizi wa karibu. Hakuna aliyeingia akiwa mtu wa kawaida akatoka akiwa wa jukwaani. Tena "uzito usio wa mafuta" si misuli mitupu. Maji yamo ndani yake.

Tuzigeukie kilo zako tisa. Testosteroni inapozidi mwilini, sehemu yake hugeuzwa kuwa estrojeni, na mwili huanza kushikilia chumvi na maji. Misuli nayo hujaza glaikojeni, ile akiba ya wanga, na kila gramu ya glaikojeni huvuta takribani gramu tatu za maji. Hamu ya kula hupanda, na nina hakika ulikula. Kwa hiyo mashati yaliyokubana yalibanwa na misuli, maji, wanga na mafuta kwa pamoja, na kioo hakitenganishi hivyo vinne. Ulipoacha sindano, maji yalitangulia kuondoka, pengine ndani ya wiki chache tu. Kisha misuli yenyewe ikaanza kupungua, kwa sababu ile homoni iliyokuwa ikiilazimisha ijijenge haikuwepo tena, na kiwanda chako mwenyewe cha testosteroni kilikuwa bado kimefungwa.

Kilichobaki sasa tunaweza kukikadiria. Ulipokuwa na kilo 78 na mafuta asilimia 15, uzito wako bila mafuta ulikuwa kilo 66.3. Leo una kilo 82 na mafuta asilimia 16, yaani kilo 68.9 bila mafuta. Tofauti ni kilo 2.6. Vipimo vya mafuta vya jimu hukosea, kwa hiyo usiing'ang'anie hiyo pointi sita, lakini picha ni hiyo: kati ya kilo nne unazosema zimebaki, zaidi ya moja ni mafuta. Wiki 16 za sindano na miezi mitano ya kuyumba kwa homoni zimekuachia kilo mbili na nusu hivi. Mtu wa umri wako aliyefanya mazoezi miaka minne angeweza kuzipata kilo hizo taratibu bila sindano, kwa ratiba nzuri, chakula cha kutosha na subira ya mwaka mmoja au miwili.

Najua hilo linaudhi, na ndiyo maana nataka nikuonyeshe hesabu nyingine ambayo kocha wako hakukuonyesha. Kuna kipimo kiitwacho FFMI. Unachukua uzito wako bila mafuta, unaugawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kisha unafanya marekebisho madogo ya urefu. Kabla ya dawa ulikuwa na 21.6 hivi. Sasa una 22.5. Mwaka 1995 watafiti wakiongozwa na Elena Kouri, pamoja na daktari wa akili Harrison Pope, waliwapima wanamichezo wanaume 157. Kati yao 83 walitumia steroidi na 74 hawakutumia. Wasiotumia walifika hadi 25 hivi, hapo ndipo walipokomea. Watumiaji wengi walivuka 25, na baadhi walipita hata 30. Watafiti hao pia walikadiria washindi 20 wa taji la utunishaji misuli la Mr. America wa kati ya 1939 na 1959, enzi ambazo steroidi zilikuwa bado hazijaenea, wakapata wastani wa 25.4.

Usiichukulie 25 kama ahadi. Hapo ndipo hufika wachache wenye mifupa mipana na miaka mingi ya kazi, na washindi wale wa Mr. America walikuwa wateule wa taifa zima. Lakini kwa urefu wako, 25 ni karibu kilo 77 bila mafuta. Wewe ulianza dawa ukiwa na 66. Ulikuwa mbali sana na ukuta uliodhani umeufikia. Kwa maoni yangu, mtu wa umbo la kati mwenye sentimita 176, akifanya kazi kwa akili kwa miaka kadhaa, anaweza kulenga FFMI ya 23 na nusu: kilo 72 hivi bila mafuta, kama 84 kwenye mizani akiwa na asilimia 14. Huo ni mwili ambao watu watauona hata ndani ya koti. Uliuziwa njia ya mkato ya kwenda mahali ambapo barabara yako ya kawaida ilikuwa bado haijakwisha.

Sasa kuhusu ushauri wa kupandisha hadi gramu moja. Bhasin huyo huyo, mwaka 2001, alichapisha utafiti wa wanaume 61 wenye miaka 18 hadi 35. Walipewa dozi tano tofauti za testosteroni enanthati kwa wiki 20, kuanzia miligramu 25 hadi 600 kwa wiki, bila mazoezi ya uzito, na homoni yao wenyewe ikiwa imezimwa kwa dawa nyingine ili dozi ionekane peke yake. Waliopata 125 waliongeza kilo 3.4 zisizo za mafuta. Waliopata 300, kilo 5.2. Waliopata 600, kilo 7.9. Ni kweli kwamba dozi ikipanda, misuli hupanda. Lakini tazama: kutoka 300 kwenda 600 dozi imezidishwa mara mbili, na nyongeza ni kilo 2.7 tu. Wakati huo huo kolesteroli njema, ile HDL, ilishuka na wingi wa damu nyekundu ukapanda kadiri dozi ilivyokuwa kubwa. Faida inapungua kasi huku gharama ikiongezeka. Juu ya miligramu 600 kocha wako hana jaribio la aina hiyo la kushika mkononi, anakisia tu, na mwili anaoukisia ni wako.

Kuna jambo jingine ambalo halina uhusiano na dawa kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwapa watu 585, wake kwa waume, mazoezi yale yale ya mkono mmoja kwa wiki 12. Misuli ya mbele ya mkono, wengine haikukua hata kidogo, ikapungua asilimia 2. Wengine ilikua kwa asilimia 59. Ratiba moja, muda mmoja, bila sindano. Sehemu ya tofauti hiyo mtu huzaliwa nayo. Wale unaowafuatilia mtandaoni hawakuokotwa barabarani; ni wale wa upande wa 59, na juu yake wameongeza dawa.

Hapa ndipo matarajio ya watumiaji wengi huharibika. Dawa hupandisha sauti ya redio, lakini wimbo ni ule ule. Haitarefusha mitulinga yako ili mabega yawe mapana. Haitapunguza upana wa nyonga. Kama kigimbi chako kinaanzia juu na kano yake ni ndefu, kitabaki hivyo hivyo, kimenenepa kidogo. Kama vipande vya tumbo lako havilingani kushoto na kulia, vitazidi kuonekana havilingani. Sehemu zitakazopokea haraka ni shingo na juu ya mgongo, kwa sababu misuli ya huko ina vipokezi vingi vya homoni hizi kuliko ya mapaja. Ndiyo maana watumiaji wengi hufanana shingoni hata kama hawafanani kwingine. Ukiendelea, tarajia kuwa wewe mnene zaidi. Mtu mwingine hutakuwa.

Nikupe mfano wa mtu wa kimo chako. Frank Zane alishinda Mr. Olympia, shindano kubwa la watunisha misuli duniani, mara tatu mfululizo, 1977 hadi 1979. Alikuwa na sentimita 175 hivi, na jukwaani alipima takribani kilo 84. Umeona? Kilo mbili tu juu ya ulizonazo leo. Ila hata tukimkadiria mafuta asilimia 5 siku ile, alikuwa na kama kilo 80 zisizo za mafuta, kumi na moja zaidi yako, juu ya kiuno chembamba kuliko cha wengi wetu, katika mchezo ambao steroidi zilikuwa tayari ni jambo la kawaida. Huyo alikuwa mtu bora duniani kwa umbo. Robo karne baadaye, 2003, Ronnie Coleman aliyemzidi Zane sentimita chache tu alipanda jukwaa hilo hilo akiwa na kilo 130 hivi. Chembe za urithi za binadamu hazibadiliki kwa miaka 25. Kilichobadilika ni dozi, idadi ya dawa zinazochanganywa, homoni ya ukuaji na insulini kuongezwa humo, na macho ya watazamaji yaliyozoea ukubwa huo. Macho yako yamelelewa na picha za baada ya mabadiliko hayo.

Tena picha zenyewe uzijue zinavyotengenezwa. Nyuma ya jukwaa mshindani amekaa sakafuni, miguu juu ya kiti, midomo imekauka kwa sababu amepunguziwa maji. Ngozi imepakwa rangi ya kahawia tabaka kwa tabaka, mikono hairuhusiwi kugusa kitu. Dakika chache kabla hajaitwa anavuta kamba za mpira ili damu ijae misuli, anakula kitu kitamu na chumvi kidogo, anapakwa mafuta, anatoka kwenye taa kali zilizopangwa zitupe vivuli kwenye kila mfereji wa misuli. Hapo ndipo picha inapigwa. Siku mbili baadaye, akishakula na kunywa, uso umevimba, na ukimbonyeza kidole kwenye kifundo cha mguu shimo linabaki. Picha ya siku hiyo ya pili huioni. Na ile ya jukwaani inatumwa miezi sita mfululizo kana kwamba ilipigwa leo asubuhi. Hapo sijagusa hariri za picha, wala watu wanaotumia dawa na kuapa hawatumii. Brian Johnson, anayejiita Liver King, alisimama mbele ya mamilioni akisema mwili wake ni matunda ya kula viungo vya wanyama na kuishi kama wahenga. Desemba 2022, baada ya barua pepe zake kuvuja, alikiri kwamba alikuwa akitumia steroidi. Vijana wangapi walijilinganisha naye wakajiona wavivu?

Kuna maneno yako mengine nimeyasoma mara kadhaa. Ulipokuwa na kilo 78 ulikuwa umeridhika kiasi cha kufanya kazi miaka minne. Ulipofika 87 ulifurahi. Leo una 82, uzito ambao hujawahi kuwa nao bila dawa, na unajiona "mtu wa kawaida tu". Mwili umekua, macho yamekimbia mbele zaidi. Hili nimeliona kwa wagonjwa wengi wanaotumia dawa hizi, na linanihuzunisha kuliko chunusi na matiti yanayovimba, kwa sababu dozi hailiponyi. Saiko ya kwanza hukuonyesha mwili wa muda, kisha hukunyang'anya, na tangu siku hiyo unapima mwili wako wa kweli kwa mwili wa muda. Anayeongeza dozi anahamisha tena kipimo. Pope na wenzake walianza kueleza hali hii kwa watunisha misuli mwaka 1993: wanaume wenye misuli mikubwa waliojiona wadogo na dhaifu, wakavaa nguo pana kujificha. Tangu 2013 imo kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani kama aina mojawapo ya ugonjwa wa kuuona mwili wako vibaya. Sisemi unao. Lakini jiulize kwa ukweli: je, unakwepa kuvua shati mbele za watu ingawa wanakusifu? Unajitazama kwenye kioo mara ngapi kwa siku? Umewahi kuacha shughuli ya familia ili usikose mazoezi? Kama majibu yanakusumbua, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuzungumza na muuza dawa.

Ulitaka kujua utarajie nini ukiendelea, na sitakuficha. Ukiendelea kwa miaka, kwa dozi za juu, huenda ukafika FFMI ya 26 au 27. Kwa kimo chako hiyo ni kama kilo 80 hadi 83 bila mafuta. Utaonekana mkubwa, hilo halina ubishi. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo itakaa pale tu unapoendelea kujidunga, kwa hiyo swali la saiko moja au mbili linageuka kuwa swali la maisha. Jukwaa la kimataifa bado litakuwa mbali, kwa sababu nilizokwisha kueleza.

Na moyo utakuwa umelipa. Mwaka 2017 Aaron Baggish na wenzake walilinganisha wanyanyua vyuma 86 waliotumia steroidi kwa muda mrefu na 54 ambao hawakuwahi. Kiasi cha damu ambacho chumba kikuu cha moyo husukuma nje kwa kila pigo kilikuwa wastani wa asilimia 63 kwa wasiotumia na 52 kwa watumiaji; kwa waliokuwa wakitumia wakati ule wa kupimwa kilikuwa 49. Walioacha walikuwa na 58, yaani moyo hujitahidi kurudi ukiachiwa. Mishipa inayolisha moyo nayo ilikuwa na utando mwingi zaidi kwa watumiaji. Mwaka 2024 watafiti wa Denmark walichapisha ufuatiliaji wa wanaume 1,189 waliobainika kutumia steroidi kwenye vituo vya mazoezi. Kwa wastani wa miaka 11, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara tatu ya wanaume wengine wa umri wao. Wastani wa umri wao mwanzoni mwa ufuatiliaji ulikuwa miaka 27. Umri wako.

Trenboloni nitaisemea kwa ufupi: usiiguse. Iliidhinishwa kwa ng'ombe wa nyama; aina yake moja iliyowahi kuuzwa kwa binadamu nchini Ufaransa iliondolewa sokoni miaka ya 1990. Watumiaji huijua kwa kukosa usingizi, jasho la usiku na hasira za ghafla, nawe tayari unalalamikia usingizi. Zaidi ya hapo, bidhaa nyingi za soko la magendo zikipelekwa maabara hukutwa hazina kilichoandikwa kwenye chupa, au zina kiasi tofauti, kwa hiyo hata miligramu 500 zako ulizokuwa ukihesabu huenda hazikuwa 500.

Sasa turudi kwa mkeo.

Mwili wa mwanaume hutengeneza miligramu chache tu za testosteroni kwa siku. Ubongo ukiona damu imejaa homoni kutoka kwenye sindano, tezi ya pituitari huacha kutuma LH na FSH, zile amri mbili zinazoziambia korodani zitengeneze testosteroni na mbegu. Korodani husinyaa, mbegu hupungua hadi kufikia sifuri kwa baadhi. Dawa ikiisha, amri hazirudi siku hiyo hiyo. Wengi hurejea ndani ya miezi kadhaa, wengine huchukua mwaka au zaidi, na kuna wachache ambao viwango hubaki chini miaka mingi baadaye. Usingizi mbovu, hamu kupungua, uchovu usioeleweka, misuli kuyeyuka ingawa mazoezi yanaendelea: ukiziweka pamoja kwa mtu aliyeacha testosteroni miezi mitano iliyopita, siwezi kuanza na uchovu wa kazi. Ninaanza na upungufu wa homoni mpaka kipimo kinikatalie. Na hapa kuna mtego. Ukianza saiko mpya leo utajisikia vizuri ndani ya wiki chache, utasema dawa imekuponya, kumbe umefunika tatizo na kulizidisha. Wengi huingia kwenye matumizi ya kudumu kupitia mlango huo, wala hawakupanga.

Kwa hiyo wiki hii nenda kwa daktari, ikiwezekana wa homoni, na umwambie ukweli wote wa sindano. Usione haya, bila hilo atasoma vipimo vyako vibaya. Testosteroni ipimwe asubuhi kabla hujala, pamoja na LH na FSH; ikitoka chini irudiwe siku nyingine kabla ya uamuzi wowote. Pima picha kamili ya damu. Hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikizidi asilimia 54 damu imekuwa nzito kupita kiasi, ingawa kwa miezi mitano natarajia imeshashuka. Pima mafuta ya damu, presha, na moyo kwa eko, ile ultrasaundi ya moyo. Kwa ini na figo mkumbushe daktari kwamba unanyanyua vyuma: ALT na AST, vipimo vya ini, hupanda kwa mazoezi mazito tu, hivyo aangalie na GGT, kipimo kingine cha ini, na kreatinini, kipimo cha figo, hupanda kwa mtu mwenye misuli mingi, hivyo sistatini C, kipimo kingine cha figo, itamsaidia. Usinyanyue kitu kizito siku mbili tatu kabla ya kutoa damu.

Hukuniambia kama mnatafuta mtoto. Kama mnatafuta, au mnafikiria kutafuta siku za karibuni, ongeza kipimo cha manii, na mweleze mkeo kwa nini. Pengine amekuwa akijiuliza kama kasoro iko kwake.

Mazoezi usiache. Yapunguze kidogo kama mwili umechoka, siku tatu au nne kwa wiki, vyuma vizito vya kutosha, protini gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, usingizi uupe saa zake. Tayari una kilo 2.6 za nyongeza. Mazoezi ndiyo yatakayozilinda wakati homoni zako zinaamka. Akaunti zile unazofuatilia, ziweke kando angalau mpaka majibu yatoke. Na kocha mwambie kwamba daktari amekukataza sindano yoyote kwa sasa. Akisisitiza, tafuta kocha mwingine.

Majibu ya LH, FSH na testosteroni ukiyapata, niandikie tena na tarakimu zake na vipimo vya rejea vya maabara hiyo. LH ikiwa chini pamoja na testosteroni, maana yake ubongo bado haujaanza kutuma amri, na hapo daktari wako ana njia za kusubiri au kusaidia. LH ikiwa juu na testosteroni iko chini, tatizo liko korodani, na mazungumzo yetu yatakuwa mengine.